Padri René Just Haüy, aliyevunja mawe apate kujua umbo lake

Katika nchi ya Ufaransa, kaskazini ya Paris, kuna mji mdogo jina lake Saint-Just-en-Chaussée. Huko, tarehe 28 Februari 1743, alizaliwa mtoto wa mfumaji maskini wa nguo za kitani, naye akaitwa René Just Haüy. Baba yake hakuwa na mali ya kumpeleka shule. Alikuwa na mtambo wake wa kufumia, basi. Lakini karibu na nyumba yao palikuwa na monasteri ya watawa wa Mtakatifu Norberto, ndio watawa wale ambao mwishoni mwa karne ya 19 walifika kuhubiri Injili katika Uele, kwetu Kongo. Mtoto alipenda mno nyimbo za kanisa, wala hakukosa kufika watawa walipokuwa wakiimba. Mkubwa wa monasteri alimwona, akamwuliza maswali mawili matatu, akatambua kwamba ana akili. Akawaagiza watawa wamfundishe.

Hao watawa ndio waliomshauri mama yake ampeleke Paris. Mama alikwenda naye, na fedha walizokuwa nazo zilikuwa haba sana. Kazi ya kwanza mtoto aliyoipata mjini ilikuwa kuimba katika kanisa moja la mtaani. Baadaye alipewa nafasi bila malipo katika chuo cha Navarre, akasoma kwa bidii hata walimu wake hawakutaka aondoke: alipotimiza miaka 21 wakamfanya mwalimu kati yao. Mwaka 1770 alipewa daraja takatifu ya upadri. Kisha akahamia chuo cha Cardinal Lemoine, akawa akifundisha wavulana Kilatini.

Kama mtu angalimwona wakati ule, asingalidhani kwamba padri huyu atapata jina duniani. Alikuwa mpole, mwenye afya dhaifu, mavazi yake ya kikale, na siku zake zote zilifanana: misa, darasa, matembezi, sala, usingizi. Katika chuo kile alikaa padri mwingine mzee kuliko yeye, jina lake Lhomond, mtu wa elimu kubwa aliyependa kuwafundisha watoto wadogo, na ambaye kitabu chake cha Kilatini kilitumika shuleni miaka mingi baada yake. Haüy alimpenda kama baba. Basi Padri Lhomond alikuwa na furaha moja: kutafuta majani na maua porini na kuyajua majina yake. Haüy hakujua hata jani moja. Alipokwenda likizo nyumbani kwao alimwomba mtawa mmoja amfundishe mimea, akarudi Paris, na katika matembezi ya kwanza akamtajia mzee wake majina ya maua moja moja. Hivyo ndivyo alivyoingia katika elimu ya viumbe: kwa ajili ya urafiki.

Karibu na chuo palikuwa na Bustani ya Mfalme, mahali pa mimea na vitu vya asili vya kila namna. Siku moja Haüy akiwa hapo aliona watu wengi wakiingia katika nyumba moja, akawafuata. Mwalimu Daubenton alikuwa akifundisha habari za mawe. Haüy akasikiliza, akarudi siku ya pili na ya tatu, na shaka moja ikaanza kumsumbua.

Ili mwelewe shaka hiyo, tazameni kwanza chumvi ya kawaida, ile yenye punje kubwa. Mkiitazama karibu mtaona kwamba punje nyingi zina nyuso zilizo bapa na pembe zilizo sawa, kama vitofali vidogo. Hakuna mtu aliyezichonga. Maji ya chumvi yakikauka polepole, chumvi hujijenga yenyewe kwa umbo hilo. Kitu kinachojijenga hivi, chenye nyuso bapa na pembe zisizobadilika, huitwa kristali. Mawe mengi ya ardhini ni kristali, hata kama mara nyingi punje zake ni ndogo mno zisionekane.

Shaka ya Haüy ilikuwa hii. Kila mmea una ua lake. Ua la mharagwe halitoki leo hivi na kesho vingine. Mbona basi jiwe moja huonekana kwa maumbo mengi? Liko jiwe liitwalo kalsiti, nalo ni ndugu wa chokaa. Kalsiti huonekana mara kama nguzo yenye pande 6, mara kama jino la mbwa lililochongoka, mara kama tofali lililosukumwa upande mmoja likainama. Vitu vyake vya ndani ni vile vile. Umbo la nje halifanani kabisa. Ikiwa mimea ina sheria, je, mawe hayana?

Jibu lilikuja kwa ajali. Siku moja alikuwa nyumbani kwa rafiki aliyekuwa na mkusanyo wa mawe, akashika mkononi kalsiti nzuri yenye umbo la nguzo. Ikamponyoka, ikaanguka, ikavunjika. Mtu mwingine angaliomba radhi na kuokota vipande avitupe. Haüy aliviokota, akavitazama, akashangaa: mahali palipovunjika palikuwa laini na bapa kama kioo, na kipande kilichotoka hakikuwa na umbo la nguzo hata kidogo. Kilikuwa na umbo la lile tofali lililoinama. Rafiki yake, kwa wema, akampa vile vipande. Haüy akarudi chuoni upesi, akachukua kalsiti zake mwenyewe, akaanza kuzivunja. Ile ya jino la mbwa ikatoa ndani yake tofali lililoinama. Nyingine ya umbo tofauti ikatoa tofali lile lile, lenye pembe zile zile. Hakuhurumia mkusanyo wake. Akavunja mawe yote aliyoweza kuyavunja.

Haifai kusema kwamba hakuna aliyeona jambo kama hilo kabla yake. Huko Uswidi mwalimu wa kemia Bergman aliandika habari za kalsiti na tofali lake miaka michache mapema. Na zaidi ya miaka 100 nyuma, mwaka 1669, Nicolas Steno, Mdenmarki aliyekuja kuwa padri na askofu na ambaye Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1988, alikwisha kuonyesha kwamba pembe za kristali moja hazibadiliki hata nyuso zake zikiwa kubwa au ndogo. Lakini hao waliishia njiani. Haüy alikwenda mbele, na ninaona sababu ni kwamba alitumia njia mbili, na hakuiamini moja bila nyingine.

Njia ya kwanza ni kuchambua, yaani kutenganisha kitu kizima katika sehemu zake. Haüy alifanya hivyo kwa kisu kidogo na nyundo. Alitafuta kila jiwe lakubali kupasuka upande gani, akalipasua tabaka baada ya tabaka mpaka akafikia kiini kisichobadilika umbo. Kiini cha chumvi ni mchemraba, yaani umbo lenye nyuso 6 za mraba zilizo sawa, kama dadu. Kiini cha kalsiti ni tofali lile lililoinama. Jiwe liitwalo floriti lina kiini chenye nyuso 8 za pembe tatu. Alifikiri ya kwamba kama mtu angaliweza kuendelea kupasua, mwisho angalifika kwenye chembe ndogo kabisa, isiyoweza kupasuliwa bila kuharibu asili ya jiwe lenyewe.

Njia ya pili ni kuunganisha, nayo ni ngumu zaidi. Maana mwenye kubomoa nyumba anaweza kusema kwamba imejengwa kwa matofali. Lakini ni nani atakayemwamini, asipoonyesha jinsi matofali yale yalivyoweza kuwa nyumba ile? Haüy alichukua chembe zake katika mawazo na katika hesabu, akajenga nazo. Hebu fikirini mchemraba mkubwa uliojengwa kwa vijitofali vya mchemraba. Juu ya uso wake mmoja wekeni tabaka la vijitofali, lakini punguzeni safu moja kila upande. Juu ya tabaka hilo wekeni jingine, mpunguze tena safu moja, na kuendelea hivyo mpaka kubaki kijitofali kimoja juu. Mmepata kilima chenye ngazi pande nne. Fanyeni hivyo juu ya nyuso zote 6. Ikiwa vijitofali ni vidogo mno hata jicho lisizione zile ngazi, mtaona miteremko iliyo laini. Na miteremko ya vilima viwili vinavyopakana italingana na kuwa uso mmoja. Vilima 6 vyenye miteremko 4 vinafanya miteremko 24. Ikiungana miwili miwili ni nyuso 12. Mmeanza na umbo la nyuso 6, na bila kubadili kijitofali hata kimoja mmepata umbo jipya lenye nyuso 12.

Kwa namna hiyo akaeleza jino la mbwa la kalsiti: kiini ni lile tofali lililoinama, na juu yake tabaka zinazopungua safu 2 kwenye kingo za chini. Aligundua tena kwamba asili hupunguza kwa hesabu ndogo na nzima: safu 1, 2, 3, mara chache zaidi, haipunguzi kamwe safu moja na kipande. Hiyo ndiyo sheria aliyoitafuta.

Palibaki kuihakikisha. Haüy alikuwa amesahau karibu hesabu zote za shule, basi akajifunza upya elimu ya maumbo akiwa mtu mzima. Alikokotoa kwenye karatasi pembe ambayo ujenzi wake ungepasa kutoa, kisha akashika jiwe lenyewe na kulipima kwa chombo chenye mikono miwili ya chuma inayofunguka kama mkasi. Hesabu na jiwe vilipatana. Daubenton na mwanahesabu Laplace walimhimiza apeleke kazi yake mbele ya Akademia ya Sayansi ya Paris. Akaisoma huko mwaka 1781, na mwaka 1783 Akademia ikampokea kuwa mmoja wao. Kitabu chake cha kwanza juu ya muundo wa kristali kilitoka mwaka 1784. Wako waliomcheka. Romé de l'Isle, mtaalamu wa kristali aliyemtangulia, alimpa jina la mvunja kristali. Lakini wenye elimu wakubwa wa zama zile, kama Lavoisier, Lagrange, Berthollet na Laplace mwenyewe, walikuja chuoni kwa mwalimu huyu wa Kilatini wakae kama wanafunzi, awaeleze.

Mwaka 1789 Mapinduzi yalianza Ufaransa. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya kuliweka Kanisa chini ya serikali, na mapadri wakaamriwa kuiapia. Haüy alikuwa mwoga kwa tabia na hakupenda ugomvi, lakini kiapo hicho hakukubali kukiapa. Akanyang'anywa kazi yake, akabaki katika umaskini.

Mwezi wa Agosti 1792 askari waliingia chumbani mwake. Husimuliwa kwamba walimwuliza kama ana silaha ya moto. Naye, hata saa ile, akawaonyesha mtambo wake wa umeme na kuutoa cheche. Wakachukua karatasi zake, wakamwaga kristali zake sakafuni, wakampeleka pamoja na mapadri wengine katika seminari ya Saint-Firmin, karibu kabisa na chuo chake, ambayo ilikuwa imegeuzwa kuwa gereza. Haüy hakuhangaika. Aliomba aletewe visanduku vyake, akaketi gerezani akizipanga upya kristali zilizovurugwa.

Nje alikuwako kijana wa miaka 20, Étienne Geoffroy Saint-Hilaire, aliyekuwa akikaa katika chuo kile cha Lemoine na kumheshimu sana Haüy. Kijana huyu alikimbia huku na huku kwa wakubwa wa Akademia, akapiga hodi kwa kila mwenye neno, mpaka akapata barua ya kumfungua. Aliifikisha gerezani usiku. Haüy akasema ni usiku mno, atatoka kesho. Na kesho yake ilikuwa karibu wamvute kwa nguvu, maana hakuona haraka ni ya nini. Padri Lhomond naye alikuwa amekamatwa, naye akafunguliwa kwa msaada wa mtu aliyekuwa mwanafunzi wake zamani.

Siku chache baadaye, tarehe 2 na 3 Septemba 1792, watu wenye silaha waliingia katika magereza ya Paris wakaua waliofungwa humo. Katika Saint-Firmin mapadri zaidi ya 70 waliuawa. Usiku ule Geoffroy alisimika ngazi ukutani, akaokoa mapadri 12, kisha palipopambazuka risasi ikampata katika nguo. Wale mapadri wa Saint-Firmin, pamoja na wenzao wa magereza mengine, Baba Mtakatifu Pio XI aliwatangaza wenye heri mwaka 1926.

Haüy hakukimbia nchi. Serikali iliyomfunga ilihitaji elimu yake. Ufaransa ilikuwa ikitafuta vipimo vipya vitakavyofaa kwa watu wote, na mwanzoni mwa 1793 Haüy pamoja na Lavoisier walipima kwa uangalifu mkubwa uzito wa maji safi yaliyojaza ujazo uliojulikana. Hapo ndipo ulipotoka uzito tuuitao kilo, huo huo unaotumika sokoni mnapouza pamba au mchele. Mwisho wa mwaka ule Lavoisier naye alikamatwa. Wengi waliokuwa wakila mezani kwake walinyamaza. Haüy, padri asiyekula kiapo, ambaye angaliweza kurudishwa gerezani kwa neno moja, alitia sahihi pamoja na mwenzake Borda katika barua ya kumwombea afunguliwe. Haikusaidia. Lavoisier alikatwa kichwa tarehe 8 Mei 1794.

Baada ya dhoruba hiyo Haüy akawekwa mlinzi wa mkusanyo wa mawe katika shule ya migodi. Mwaka 1801 akatoa kitabu chake kikubwa cha elimu ya mawe, juzuu 4 pamoja na kitabu cha picha, na mwaka 1802 akawa mwalimu katika Muséum, ndiyo ile Bustani ya Mfalme iliyopewa jina jipya. Miaka hiyo alishirikiana na mwalimu wa kemia Vauquelin, nao wakawa kama mikono miwili ya mtu mmoja. Kwa maana kuna uchambuzi wa namna nyingine tena. Haüy alitenganisha umbo. Mwanakemia hutenganisha asili. Vauquelin alisaga jiwe kuwa unga, akauyeyusha kwa moto pamoja na potasi, akaumimina katika asidi, kisha kwa dawa hii na ile akalitenga fungu moja baada ya jingine, akalichuja, akalikausha na kulipima mizani.

Haüy aliona kwamba zumaridi, kito kile cha kijani chenye thamani, na jiwe jingine liitwalo berili, zina umbo moja na pembe zile zile. Akamwomba Vauquelin atazame kama si jiwe moja lenye majina mawili. Vauquelin akachambua, na mwaka 1798 akakuta katika yote mawili kitu ambacho hakuna aliyekijua bado. Ndani yake mna metali tunayoiita leo beriliumu. Mara nyingine ikawa kinyume. Kristali zilizotoka Sisilia zilihesabiwa kuwa bariti. Haüy akapima, akakuta pembe zake zimetofautiana na za bariti nyingine kwa digrii 3 na nusu hivi. Ni kidogo, lakini yeye hakuweza kuivumilia. Vauquelin alipochambua, akakuta mna strontiumu mahali pa bariumu. Pembe ilikuwa imesema kweli.

Ni Haüy pia aliyelipa jina dioptasi, mwaka 1797, lile jiwe la kijani lenye shaba ndani yake, ambalo huonekana hata katika nchi ya shaba ya Katanga.

Lakini mafanikio hayo yalimfanya aamini kupita kiasi. Alishika kwamba kila umbo lina asili yake moja, na kila asili umbo lake moja, pasipo kukosa. Jiwe aragoniti likamtesa miaka mingi: wanakemia walikuta ndani yake vitu vile vile vya kalsiti, na umbo lake si la kalsiti. Mwaka 1813 Stromeyer, Mjerumani, akakuta strontiumu kidogo katika aragoniti, na Haüy akafurahi akidhani sababu imepatikana. Haikudumu, kwa kuwa kulikuwa na aragoniti zisizo na strontiumu kabisa. Mwaka 1819 Mjerumani mwingine, Mitscherlich, akaonyesha kwamba vitu viwili mbalimbali vyaweza kuwa na kristali zinazofanana karibu kabisa. Haüy alikataa. Alikataa vilevile kutumia kipimapembe kipya cha Wollaston wa Uingereza, kinachopima kwa mwanga unaorudi juu ya uso wa jiwe, ambacho kilionyesha pembe ya kalsiti imepungukiwa zaidi ya nusu digrii katika hesabu zake. Aliyeanza kwa kuamini jiwe kuliko wenye kumcheka, katika uzee aliamini hesabu yake kuliko jiwe.

Tena alikuwa maskini. Napoleon alimpa heshima, akamwagiza kitabu cha fizikia kwa ajili ya shule, kikatoka mwaka 1803, akamfanya kanoniko wa heshima wa Notre-Dame. Wafalme waliporudi, malipo yake yalipunguzwa. Nyumba yake ndogo ilipokea tena ndugu yake Valentin, aliyezaliwa mwaka 1745. Huyu ndiye aliyefungua Paris shule ya kwanza ya vipofu na kuwafundisha kusoma kwa kupapasa herufi zilizoinuka juu ya karatasi. Katika shule hiyo ndimo alimoingia Louis Braille mwaka 1819. Valentin alikuwa amekaa Urusi miaka mingi, akarudi mwaka 1817 akiwa amechoka, akafa kwa kaka yake mwezi wa Machi 1822. Padri Haüy hakumkawilia. Alianguka chumbani mwake, akavunjika mfupa wa nyonga, na katika maumivu yale hakuacha sala zake wala kazi ya kutengeneza chapa mpya ya kitabu chake. Alikufa mwanzoni mwa mwezi wa Juni mwaka ule ule, mwenye miaka 79.

Miaka 90 baadaye, mwaka 1912, Mjerumani Max von Laue na wenzake walipitisha mionzi ya X katika kristali, na mara Waingereza Bragg, baba na mwana, wakaitumia mionzi hiyo kuona jinsi chumvi ilivyopangwa ndani. Vijitofali vya Haüy havikuwako. Palikuwa na atomu za sodiumu na za klorini, moja baada ya nyingine, kwa safu zilizonyoka juu na chini na kando, katika mpango wa mchemraba. Hata hivyo sheria yake ya hesabu ndogo na nzima ilibaki imesimama, na wenye kujifunza kristali huitumia mpaka leo.

Mawe yake mwenyewe, yale mazima na yale aliyoyavunja, warithi waliyauza kwa mkuu mmoja wa Uingereza. Mwaka 1848 Ufaransa iliyanunua tena, yakarudi Paris katika Muséum.